Kiatu Chenye Rangi ya Kijani

Kiatu kilikuwa bado mkononi mwa Aikaeli pale tulipomwacha, nje ya mlango wa flati yake ya Kilburn, London, katikati ya lundo la viatu vya waombolezaji. Kiatu cheusi cha kiume, cha mguu wa kulia, ngozi ya kuringia. Na chini ya soli, rangi ya kijani imekaukia kwenye mifereji.

Wewe unayeanza kusoma leo, vuta kiti usogee. Kaka yake Aikaeli, Faustine, aliteketea kwa moto Jumapili ndani ya ukumbi wa dansi huko Wexmouth, mji wa pwani. Asubuhi ya siku hiyo alimpigia dada yake simu akicheka kwamba amepaka ngazi za ukumbi rangi ya kijani, bado mbichi, na hakuna kiumbe atakayekanyaga pale mpaka kesho. Jioni ukumbi ukawaka.

Kwa hiyo mwenye kiatu hiki alipanda ngazi zile siku ile ile. Na kama kiatu kiko mlangoni, mwenyewe yuko ndani na soksi zake, anakula wali wa msiba.

Aikaeli aliegemea ukuta. Ni nesi, damu ameizoea, lakini hili hakulizoea.

Nyumba ya msiba mlango haufungwi. Anayekuja haulizwi ametoka wapi wala alimjuaje marehemu. Anavua viatu, anatoa pole, anapewa chai ya tangawizi. Tumelelewa hivyo, na desturi hiyo tumekuja nayo mpaka London bila kuipunguza hata kidogo. Sasa ilikuwa imemkaribisha muuaji na kumpa sahani.

Tena hakuja kwa ajili ya wali. Aikaeli alijua alichokuja kutafuta.

Chumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, alilala mzee Kishor.

Mzee Kishor ni Mhindi wa Tanga, sasa wa Kingsbury, na Kiswahili chake kinaweza kukutia aibu wewe uliyezaliwa Manzese. Alifika Wexmouth kijana, akauza aiskrimu ufukweni enzi ambazo watu wa London walishuka kwenye treni na ndoo za watoto na viti vya turubai, na gati la burudani lilijaa mpaka watu wakapita ubavuubavu. Kisha ndege za bei rahisi zikaanza kwenda Spain. Wexmouth ikafa. Hoteli zikageuka vyumba vya walevi na watu waliotoka jela, gati likaota kutu, ukumbi wa dansi ukabaki wa njiwa.

Faustine ndiye aliyeufufua. Yeye na mzee Kishor walifukuza njiwa, wakaziba paa, wakaleta bendi. Kila Jumamosi mabasi yalitoka London na Watanzania, Wakenya na Wakongo, kwa dansi na nyama choma mbele ya bahari. Wazungu wakaja kuchungulia, nao wakacheza. Migahawa ikafunguliwa. Watoto wakarudi na ndoo zao.

Hapo ndipo mtu mmoja anayeitwa Griffins alipokasirika. Griffins alikuwa amejinunulia magofu yote ya ufukweni akingoja mji ufufuke, na sasa umefufuka, lakini lango la gati, yaani ukumbi wenyewe, lilikuwa mkononi mwa Mtanzania na Mhindi waliokataa kuuza. Ukumbi ukaungua. Mzee Kishor aliona ni nani aliyeufunga mlango kwa nje huku mtu akipiga kelele ndani. Alijaribu kuufungua kwa mikono mitupu. Mikono ile sasa ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

Kwa hiyo mzee Kishor akifa, ushahidi umekufa. Akiishi mpaka mpelelezi Ravinder aje kumchukua mchana huu, Griffins amekwisha.

"Ni nani uliyemwona, baba?" Aikaeli alikuwa amemuuliza mara nyingi.

"Usiniulize wewe, binti," mzee alimjibu kila mara, akageukia ukutani. "Nitamwambia polisi."

Aikaeli alitoa simu akamwandikia Ravinder: muuaji yuko nyumbani kwangu. Jibu likaja upesi. Nipo Edgware Road, foleni. Usifanye chochote.

Mwambie mwanamke aliyeuliwa kaka asifanye chochote!

Alikificha kile kiatu chini ya khanga, akaingia. Sebule ilikuwa imejaa. Wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka, na katikati yao, kwenye godoro, mama yake mzazi. Jina lake Sesilia, lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo tangu ajifungue mtoto wa kwanza. Ni Mama Fausti. Leo kila aliyelitamka jina hilo alilia.

Aikaeli aliwatazama wanaume mmoja mmoja. Soksi nyeusi, soksi za kijivu, soksi iliyotoboka kidole. Muuaji hana alama usoni, msomaji.

Akapata wazo. Akapiga makofi.

"Jamani, mchungaji amefika! Yuko hapo chini, kwenye gari jeupe. Twendeni tukampokee."

Mchungaji hakuwepo. Gari jeupe alilitunga hapo hapo. Lakini nani atabaki ameketi wakati mtumishi wa Mungu yuko barabarani? Watu waliinuka kwa pamoja. Kila mmoja atavaa viatu vyake, Aikaeli aliwaza, na mmoja atabaki anatafuta.

"Nishike mkono, mwanangu," Mama Fausti alisema akijiinua kwenye godoro.

"Mama, wewe pumzika. Mfiwa haendi."

"Mtumishi anakuja kumzika mwanangu, halafu mimi nimpokee nimelala?" Akajifunga kitenge kiunoni. "Nitampokea mwenyewe."

Aikaeli aliona uchungu. Kumdanganya mama siku ya msiba ni dhambi inayokaa kooni. Lakini hakuwa na nafasi ya kutubu. Wanawake walimshika Mama Fausti huku na huku, wakaanza pambio, na msafara ukateremka ngazi kwa kishindo mpaka majirani wakafungua milango.

Viatu vikapungua. Vikaisha.

Mwanamume mmoja alibaki mlangoni ameinama, kiatu kimoja mguuni, mkono ukipapasa sakafu. Aliponyanyua uso, Aikaeli alitaka kucheka. Ilikuwa haiwezekani.

Alikuwa Method.

Method, mwenyekiti wa kamati ya msiba! Method aliyeweka tangazo la kifo kwenye kundi la WhatsApp, aliyekopa viti kanisani, aliyelia mpaka akapepewa. Method aliyesema msiba ukae hapa Kilburn, mlango wazi, kwa heshima ya marehemu.

"Dada Aika," alisema kwa upole, "hujaona kiatu changu kingine?"

Aikaeli alifunua khanga.

Method alikitazama kiatu. Akaitazama soli. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kisu.

"Nilikuwa najiuliza watu wote hawa nitawatoaje," alisema. "Unajua nimekunywa vikombe vingapi vya chai nikiwaza? Na wewe umewatoa kwa neno moja. Ahsante sana, dada."

Hapo Aikaeli akayaona makosa yake yote kwa mara moja. Mashahidi wote alikuwa amewapeleka barabarani kwa mkono wake.

Alifungua kinywa apige kelele. Method alimrukia akamshika nywele, akamgonga kichwa ukutani, mara ya kwanza na ya pili. Picha ya Faustine iliyopambwa maua ikaanguka. Kutoka ngazini akapanda mzungu mpana mwenye suti nyeusi na shada la maua meupe, kama mfiwa wa kweli. Alilitupa shada sakafuni, akafunga mlango kwa komeo.

Griffins hakuvua viatu.

"Yuko wapi mzee?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Chumba hicho. Ufunguo anao huyu," Method akajibu, na kwa Kiswahili akamnong'oneza Aikaeli: "Toa ufunguo, dada. Sina ugomvi na wewe."

"Umekula kwetu, Method! Umemshika mama yangu mkono!"

"Nimemshika kwa sababu namhurumia. Wewe nawe nakuhurumia. Hata hujui unamlilia nani."

"Faustine alikufanya nini?"

Method alicheka puani. "Mji umefufuka, Aika. Kilichofufuka lazima kipate mwenyewe. Griffins gati, mimi ukumbi mpya, na mwenzetu mwingine hoteli zote za mbele. Aliyebaki ni kizee mmoja mwenye mdomo."

"Mwingine nani?"

Griffins alikuwa amechoka na Kiswahili. Alirudi nyuma hatua chache, akaupiga mlango wa chumba teke. Ukalia. Teke la pili likaung'oa bawaba.

"Baba Kishor!" Aikaeli alipiga ukelele.

Alimwona mzee ameketi kitandani, mdogo, mikono yake ya bandeji mbele ya kifua. Alimwona Griffins akichukua mto. Hakusikia kelele yoyote baada ya hapo, na ule ukimya ndio uliomtia wazimu.

Akamng'ata Method. Alimng'ata kwenye nyama ya kidole gumba mpaka meno yakakutana na mfupa. Method akapiga yowe, akamwachia, na Aikaeli akakimbilia jikoni.

Juu ya jiko sufuria kubwa ya chai ya msiba ilikuwa inatokota. Aliinyanyua kwa khanga, mikono ikiungua, akarudi nayo mbio. Method alimzuia mlangoni mwa chumba na kisu alichokitoa kwenye koti. Kisu kilimpasua mkono kutoka kwenye bega mpaka karibu na kiwiko. Aikaeli hakusimama. Aliimwaga chai yote mgongoni kwa Griffins.

Jamani, lile yowe! Griffins aliruka kama aliyepigwa na umeme, akaukumba ukuta, akatoka chumbani akijichanachana shati. Akapiga kumbo meza ya sebuleni. Sinia la glasi za chai likaenda chini, zikapasuka zote na kutapakaa sakafu nzima.

Method naye alikuwa anakuja na kisu, macho yamemtoka, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi.

Alikanyaga.

Kipande cha glasi kiliingia unyayoni kikatokeza juu. Method alianguka kwenye glasi nyingine akijaribu kuukimbia mguu wake mwenyewe. Kiatu ambacho kingemsaidia kilikuwa chini ya kochi, na rangi yake ya kijani. Aikaeli alirudi jikoni akachukua mchi wa kinu alioutumia asubuhi kutwangia tangawizi. Kisu kilipomfuata tena, aliushusha mchi kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Kisu kikateleza mbali.

"Huo ni wa mama!" Aikaeli alisema. Akaunyanyua tena. "Na huu ni wa Faustine!"

Goti la Method halitarudi kuwa goti.

Lakini alikuwa amemsahau Griffins. Mkono mnene ulimzunguka shingo kutoka nyuma, ukambana, ukamwinua mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu. Mchi ukamponyoka. Alinusa nyama iliyoungua na tangawizi. Alipiga mateke hewani. Sebule ikaanza kuwa nyeusi pembeni, na kwa mbali, chini barabarani, alisikia pambio la akina mama likipanda.

Kisha kukawa na sauti ya chuma juu ya mfupa.

Mkono ukalegea. Griffins alipiga magoti, akamtazama Aikaeli kama mtu anayetaka kuuliza njia, akalala kifudifudi juu ya picha ya Faustine. Nyuma yake alisimama mzee Kishor, midomo ya bluu, anahema kama amepanda mlima. Kwenye mikono yake ya bandeji alikuwa ameshika pasi ya Aikaeli.

"Aiskrimu," mzee alisema kwa shida, "alikuwa ananiibia. Akiwa mtoto. Ningemchapa siku zile."

Aikaeli alimkumbatia, damu yake ikamlowesha mzee kifuani. Alilia kwa furaha na kwa hasira kwa pamoja. Yuko hai. Mzee Kishor yuko hai, na Ravinder yuko njiani, na waliomuua kaka yake wamelala sakafuni kwake. Ungekuwa wewe ungesema hadithi imeisha.

Simu ikaita.

Haikuwa yake. Ilikuwa chini, kando ya Method, ikitetemeka juu ya vipande vya glasi. Kwenye kioo chake limeandikwa jina: Fundi Rangi.

Method aliyekuwa anagugumia akageuza kichwa kulisoma. Alinyoosha mkono ulio mzima aifikie. "Usipokee," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Aika, nakuapia, kwa faida yako, usipokee."

"Usipokee, binti," mzee Kishor naye akasema.

Wote wawili! Adui na rafiki, neno moja. Aikaeli aliwatazama, akaiokota simu, akaiweka sikioni bila kusema kitu.

"Method, vipi?" sauti ikauliza. "Mzee amenyamaza? Kwa nini umeniletea watu barabarani? Wamejaa mbele ya gari, wanaimba. Siwezi kutoka."

Ilikuwa sauti aliyoisikia tangu akiwa mtoto mgongoni. Sauti iliyomfundisha kuendesha baiskeli. Sauti iliyocheka simuni Jumapili asubuhi kuhusu ngazi zenye rangi mbichi.

Aikaeli alishika ukuta, ukuta haukumshika.

"Method? Jibu basi, chifu."

"Kaka," Aikaeli alisema.

Mwenzao wa hoteli za mbele alikuwa yeye.

Mzee Kishor aliketi kwenye godoro la msiba, machozi yakishuka kwenye bandeji. "Ni yeye aliyefunga ule mlango," alisema. "Na saa yake, ile mliyomtambulia maiti, alimvalisha yule aliyekuwa ndani. Ningekuambiaje? Nilitaka umlilie kwanza kaka uliyemjua. Angalau siku chache."

"Basi huyo aliyeko mochwari ni nani? Tumemlilia nani, baba?"

Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Police! Aikaeli, fungua!" Ravinder, hatimaye, amekuja na foleni yake.

Aikaeli hakwenda mlangoni. Miguu ilimpeleka dirishani.

Chini, kwenye kona ya barabara, lilisimama gari jeupe la mizigo. Hakulitunga kumbe. Waombolezaji walikuwa wamelizunguka pande zote na nguo zao nyeusi, wanaimba, wanapiga makofi, wanainama kuchungulia vioo, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumsalimu mchungaji. Dereva alikuwa ameshusha kofia mpaka puani. Na mbele ya wote, akishikiliwa na wanawake wawili, alikuwa Mama Fausti, anabisha hodi kwenye kioo cha dereva kwa heshima zote, kama anavyobishiwa mtumishi wa Mungu.

"Aika," simu ikasema. "Uko dirishani? Nakuona. Mwambie mama aondoke."

Kioo hakikufunguka. Mama Fausti akakinga uso kwa viganja apate kuona ndani. Akakaa hivyo. Akakaa sana.

Pambio likakatika.

Mama Fausti hakupiga kelele. Alijitoa mikononi mwa wanawake, akazunguka mbele ya gari polepole, akaweka mikono miwili juu ya boneti na kusimama hapo, akimtazama mwanawe aliyemlilia wiki nzima. Injini ikawaka. Watu wakaruka pembeni. Yeye hakuruka.

"Mwambie atoke mbele, Aika!" Sasa sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Atoke, la sivyo nampitia!"

Aikaeli alisukuma dirisha kwa mkono unaovuja damu, akaita kwa nguvu zote zilizobaki kifuani. "Mama! Toka!"

Mama Fausti aliinua uso akamwona binti yake. Akatikisa kichwa, hapana. Kisha akarudisha macho kwenye kioo cha mbele, na mdomo wake ukatamka jina ambalo watu wote wanamwitia yeye: Fausti.

Gari likaruka mbele.